Tamko la Lugano

1

Tamko lilikuwa limeshatoka kabla Sekela Mwaipopo hajafika nyumbani kwa mtoto mwenyewe. Alilisoma kwenye simu, pikipiki yake ya umeme ameisimamisha kando ya shamba la chai, ukungu wa Tukuyu ukimlowesha nyusi. Lilikuwa fupi, limeandikwa kama mtoto anavyojisemea, ndivyo sheria ilivyotaka.

*Mimi ni Lugano Gwamaka. Nina umri wa miaka tisa. Kwa bibi sina amani. Nataka kwenda kuishi na baba.*

Iliyobaki kwa Sekela, afisa ustawi wa jamii, ilikuwa kazi ndogo. Aone makazi, ahakikishe punje ya vipimo bado iko nyuma ya sikio la mtoto, kisha kesho yake amfikishe Mahakama ya Watoto mjini Mbeya. Huko tamko lingesomwa, hakimu angeamua, na Lugano angepanda basi kwenda Singida, ambako baba yake alikuwa fundi kwenye mashamba ya sola.

Bibi Tusekile alimpokea mlangoni akiwa na ungo wa maharage mkononi.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Ingia ndani, baridi ya huku haina adabu.”

Mtoto alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, magoti yameshikana. Alimwamkia Sekela kwa sauti ndogo kisha akageuza kichwa bila kuambiwa, akakunja sikio ili punje ionekane. Watoto wote walikuwa wamezoea hivyo. Kidude chenyewe hakikuzidi punje ya mtama; kilibandikwa kliniki siku ya chanjo ya kwanza na hakikutoka mpaka mtu atimize miaka kumi na minane. Kilisikiliza mapigo ya moyo, pumzi, usingizi, na mtetemo wa sauti. Yote hayo yalikwenda kwenye mtambo wa serikali ulioitwa Kauli, na Kauli ndiyo iliyoandika matamko.

Serikali ilikuwa imetia saini itifaki ya kimataifa: hakuna uamuzi wowote utakaotolewa juu ya mtoto kabla mtoto huyo hajasikilizwa. Maofisa walikuwa wachache, watoto mamilioni. Nchi nyingine zilitia saini zikaishia hapo. Hii ilijenga Kauli, na sasa wajumbe walikuwa wakija kutoka kila pembe kuiona.

“Lugano,” Sekela alisema, akiketi kwenye benchi mbele yake. “Unajua kesho tunakwenda wapi?”

“Mahakamani.”

“Kufanya nini?”

“Baba anataka nikakae naye.”

“Na wewe unataka nini?”

Mtoto akamtazama kama mtu anayehisi ametegwa. “Si mmeshaniandikia?”

Bibi akacheka kidogo, cheko la aibu, akainama juu ya ungo wake. Sekela hakucheka. “Nakuuliza wewe.”

“Nataka kubaki hapa.”

Simu ikatetemeka mkononi mwa Sekela. Kwenye kioo, mstari wa moyo wa Lugano ulikuwa umepanda ghafla, na chini yake yakatokea maandishi mekundu: *Maneno hayaendani na hali ya mtoto.*

Maandishi yale aliyajua. Mwaka uliopita alikaa hivihivi kwenye kibanda cha wachimba dhahabu huko Chunya, mbele ya mtoto wa kiume aliyekuwa akitabasamu. “Mjomba ananitunza vizuri,” mtoto alisema, na Sekela angefunga mkoba akaondoka, kama si maandishi mekundu. Walipomvua shati walikuta mgongo usiotazamika. Mjomba alikuwa akimshusha shimoni kwa kamba. Tangu siku ile Sekela hakuuamini tena mdomo wa mtoto ambaye mkubwa wake yuko karibu, na bunge nalo halikuuamini. Baada ya kesi ile liliongeza kifungu: mdomo na Kauli vikitofautiana, Kauli ndiyo inayofuatwa.

Akamtazama bibi. Mikono myembamba ilikuwa inachambua maharage polepole. Je, huyu naye amemfundisha mtoto la kusema? Wanaowafundisha watoto uongo hawaandikwi usoni.

“Nikuwekee chai,” bibi alisema, akainuka kwa kushika ukuta, akatoka kwenda jiko la nje.

Mstari ukapanda tena.

Sekela akashangaa. Bibi ametoka, mtoto aliyetishwa angetulia. Lakini Lugano alikuwa amekaa wima, shingo ameinyoosha kuelekea mlangoni. Nje sufuria ikagonga jiwe. Bibi akakohoa, kikohozi kirefu chenye kukwaruza, halafu kukawa kimya. Mapigo yakaenda mbio kiasi kwamba Kauli ikawasha rangi ya njano. Bibi akakohoa tena, na mstari ukashuka.

“Bibi anaumwa?” Sekela aliuliza taratibu.

“Moyo umechoka. Daktari alisema.” Mtoto hakuondoa macho mlangoni. “Akikohoa ni vizuri. Akinyamaza ndiyo mbaya.”

“Usiku unalala?”

“Kidogo. Namsikiliza. Akinyamaza sana naamka namgusa mguu. Ukiwa wa moto narudi kulala.”

“Na baba anapokuja kuwatembelea?”

“Baba akija nalala mpaka asubuhi. Anamsikiliza yeye.”

Sekela akafungua kumbukumbu za usingizi. Miezi yote mstari ulikuwa umechakaa kama uzi uliotafunwa, isipokuwa mara chache ulipolala tambarare, na kila mara hiyo baba yake, Gwamaka, alikuwa Tukuyu. Kauli haikudanganya hata mahali pamoja. Ilikuta hofu katika nyumba ya bibi, ikakuta utulivu baba anapokuwepo, ikajumlisha.

Bibi akarudi na vikombe. “Ndaga, mwanangu, kwa kuja mpaka huku juu,” alisema, na Sekela akapokea chai asijue aangalie wapi.

2

Mkurugenzi wa Haki za Watoto, Erasto Kayombo, alikuwa Mbeya na wajumbe wa Kamati ya kimataifa iliyosimamia ile itifaki. Sekela alimpigia simu akiwa amesimama tena kando ya shamba la chai, mgongo ameupa upepo, akamweleza kila kitu. Kayombo alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa kukatiza watu.

“Una uhakika bibi hakumfundisha?”

“Sina, Mkurugenzi. Lakini nimeona mwenyewe mapigo yanapopanda.”

“Umeona mara moja, kwa saa moja. Kauli imemwona miaka tisa.”

“Imeona moyo unaenda mbio. Haikujua unamkimbilia nani.”

Sekela alisikia vyombo vikigongana nyuma ya Kayombo, watu wakizungumza Kifaransa. Kisha Kayombo akasema kwa sauti ya chini, “Hebu tuseme uko sahihi. Mtoto wa miaka tisa, kila usiku anapima kama bibi yake yu hai. Hiyo ni haki gani ya mtoto? Ungekuwa na wako ungemwacha?”

Swali lilikuwa la haki, na Sekela mwenyewe alikuwa amejiuliza tangu alipoondoka pale nyumbani.

“Kesho wajumbe watakaa kwenye kesi hiyo,” Kayombo akaendelea. “Si mimi niliyeichagua, wameichagua wao. Wakiondoka wameridhika, nchi kumi zinachukua Kauli. Watoto wa Chunya wako huko pia, Sekela, na hakuna anayewapigia simu. Ukisimama mbele ya Kamati ukasema Kauli inakosea, hawatalizima kosa. Wataizima Kauli. Mimi nawajua wanasiasa wetu.”

“Kwa hiyo ninyamaze.”

“Nakuomba ufikirie. Sikuamrishi.”

Afadhali angemwamrisha. Njia nzima ya kurudi, kila alipomwona mtoto kando ya barabara, mwenye ndoo, mwenye begi la shule, alijikuta anatazama nyuma ya sikio.

3

Chumba cha Mahakama ya Watoto kilipakwa rangi ya kijani kibichi, na viti vya watoto vilikuwa vya kimo chao. Kamati ilipenda vitu kama hivyo. Mjumbe wake mkuu, mama wa Kisenegali aitwaye Coumba Ndoye, aliketi pembeni na mkalimani mdogo wa plastiki sikioni. Kayombo alikaa karibu naye, suti nyeusi, mikono amefumbata.

Gwamaka alifika na koti jipya lenye alama ya kukunjwa bado kifuani. Alimwamkia mama mkwe wake kwa kuinama. Bibi Tusekile alimwitikia vizuri. Hapakuwa na ugomvi kati yao. Mke wake aliyefariki alikuwa binti pekee wa bibi huyu, na wote wawili walikuwa wamemzika. Lugano aliketi katikati yao.

Hakimu, Nuru Mbilinyi, alivua miwani. “Tusikie tamko la mtoto.”

Sekela alikuwa amesahau, au alijisahaulisha, jinsi matamko yanavyosomwa mahakamani. Kauli haikuyasoma kwa sauti ya mtambo. Wataalamu walisema mtoto lazima asikike kwa sauti yake mwenyewe, nayo punje ilikuwa na sauti hiyo, imekusanywa neno kwa neno tangu mtoto alipojifunza kusema. Kwa hiyo spika iliyo juu ya meza ilipofunguka, aliyezungumza alikuwa Lugano, pamoja na kithembe chake kidogo.

“Mimi ni Lugano Gwamaka. Nina umri wa miaka tisa. Kwa bibi sina amani. Nataka kwenda kuishi na baba.”

Mdomo wa Lugano ulikuwa umefungwa.

Bibi Tusekile aligeuka polepole. Alimtazama mjukuu wake, si kwa hasira, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa akiliogopa siku zote. “Kumbe,” alisema kwa kunong'ona. “Pole, mwanangu. Ungeniambia tu.”

Lugano akatikisa kichwa. Akatikisa tena, kwa nguvu. Midomo ikafunguka lakini hakuna kilichotoka, na machozi yakaanza kumtiririka bila kelele yoyote. Kwenye simu ya Sekela mstari ulikuwa umepanda mpaka ukingoni. Kauli ikaandika: *Hofu mbele ya mlezi.*

“Afisa ustawi,” hakimu alisema, akiwa tayari ameshika kalamu. “Unathibitisha kwamba mtoto huyu amesikilizwa kama itifaki inavyotaka?”

Jibu lilikuwa neno moja. Sekela alikuwa amelisema mara nyingi katika chumba hiki, na mara nyingi lilikuwa neno zuri. Alisimama. Akauona mgongo wa yule mtoto wa Chunya mbele ya macho yake kana kwamba umewekwa pale mezani. Akamwona Kayombo akimtazama, hamtishi, anamsihi.

“Mheshimiwa, siwezi kuthibitisha. Mtoto amepimwa. Hajasikilizwa.”

Mkalimani wa plastiki akatoa mlio mdogo sikioni mwa mama Ndoye, naye akaketi wima.

“Unaelewa unachosema, Afisa?” hakimu aliuliza. “Sheria inaniambia nifuate Kauli.”

“Naelewa. Naomba aulizwe kwa mdomo, hapa, mbele ya kila mtu. Na mimi sijui atasema nini. Sina hakika hata kama atasema kweli. Naomba tu aulizwe.”

Hakimu aliinuka, akazunguka meza yake, akachuchumaa mbele ya kile kiti kidogo, joho likiburuzika sakafuni. “Lugano. Hayo tuliyoyasikia, umeyasema wewe?”

“Ni sauti yangu,” mtoto alisema kwa kwikwi. “Lakini sijasema. Sijasema, bibi! Sijasema hivyo!”

“Nimesikia. Kwa bibi, huna amani?”

Lugano akafuta pua kwa mkono wa sweta. Alifikiri. Sekela aliona kwamba anafikiri kweli, anatafuta, kama mtoto anayepapasa kitu gizani. “Naogopa,” alisema mwishowe. “Naogopa atakufa nikiwa nimelala. Mama alikufa nikiwa nimelala.”

Bibi akaziba mdomo kwa khanga.

“Na unachoka?”

“Nachoka sana.”

“Basi ungependa iweje?”

“Nataka mtu mwingine awe anasikiliza usiku. Ila mimi nisiondoke.”

Kauli isingeweza kuandika sentensi ile. Iliuliza swali moja tu, huku au kule, kwa sababu ndilo swali iliyofundishwa kuuliza.

Ndipo Gwamaka akasimama, koti lake jipya likimbana mabegani. “Mheshimiwa, naomba kusema. Mimi sikuomba kesi hii. Nilipata ujumbe kutoka Kauli. Ujumbe ulisema mtoto wako anakuita.” Sauti ikamkatika. “Nilidhani ananiita. Baba gani anaitwa na mwanawe asiende? Nimeshamnunulia kitanda.”

Mama Ndoye alikuwa ameinama kuelekea kwa Kayombo, na kile kidude kikatafsiri swali lake kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, chumba kizima kikasikia.

“Wako wangapi wengine?”



4

Hakimu Mbilinyi aliamuru Lugano abaki Tukuyu, na halmashauri impeleke mhudumu wa afya wa kulala nyumbani kwa bibi. Gwamaka aliomba uhamisho, akapewa mradi wa maji wa Rungwe, mshahara ukiwa mdogo kidogo. Kitanda kilikuja kwa lori. Mara ya mwisho Sekela alipopita pale, alimkuta mtoto amelala usingizi wa mchana na buku la hesabu kifuani, mdomo wazi, na bibi akamwashiria kwa kidole asimwamshe.

Kama mambo yangeishia hapo, Sekela angekuwa mtu mwenye furaha.

Kamati iliandika kwamba nchi imechukua kipimo cha moyo wa mtoto ikakiita maoni yake. Iliomba kifungu cha kufuata Kauli kisimamishwe, na mtambo uchunguzwe. Iliomba hayo tu. Lakini magazeti ya nje yalikuwa yameipata sauti ya Lugano, ile ya spika na ile ya mdomo, yakaziweka pamoja, na dunia ikasikiliza. Siku chache baadaye waziri alisimama mbele ya kamera, bendera nyuma yake. Alisema serikali inarudia ahadi yake ya kufuata viwango vyote vya kimataifa vya haki za mtoto, bila kupunguza hata kimoja, na kwa sababu hiyo Kauli imezimwa nchi nzima.

Sekela alikuwa ofisini akitazama. Akampigia Kayombo hapohapo.

“Imezimwa yote? Na ving'ora vya hatari?”

“Yote.”

“Mkurugenzi, ving'ora havihusiani na matamko! Mtoto akipigwa, ni nani atajua?”

“Niliwaambia. Nilikaa nao mpaka sauti ikakauka.” Kweli ilikuwa imekauka. “Wanasheria wamesema punje ni ileile, masikio ni yaleyale, huwezi kuacha nusu. Waziri hataki kusikia neno Kauli tena mpaka uchaguzi upite.”

“Samahani.”

“Usiniombe samahani. Ulisema kweli.” Akashusha pumzi. “Mimi nilipokuwa na miaka minane hapakuwa na mtu wa kuniuliza chochote, wala mtambo. Najua kimya hicho kinavyokuwa. Nenda ukawasikilize, Sekela. Ndiyo kazi iliyobaki.”

Ukutani, ramani ya mkoa iliyokuwa ikimetameta kwa nukta za kijani na njano ilikuwa kioo cheusi. Maofisa walisimama mbele yake kama watu waliofiwa. Mmoja alisema labda sasa tutapumzika, hakuna aliyecheka.

5

Waligawana kata. Sekela alipata Igurusi, kwenye mashamba ya mpunga, nyumba zimetawanyika mbali mbali na njia zimejaa tope. Hakuwa na maandishi mekundu wala mstari wa kutazama. Alibisha hodi, akaamkia, akauliza, akatazama mikono, shingo, namna mtoto anavyotembea mbele ya wakubwa. Kila nyumba aliyoiacha aliondoka na wasiwasi wake. Aliporudi barabarani alijiuliza kama yule aliyecheka alicheka kweli, kama yule aliyenyamaza ni mpole tu. Zamani aliondoka na jibu. Sasa aliondoka na uso wa mtoto, ukamfuata mpaka nyumba inayofuata.

Mchana mmoja aliingia kwenye ua wa nyumba ya bati karibu na mfereji. Mwanamume wa makamo alitoka akijifuta mikono. Nyuma yake alisimama msichana mdogo, kama wa miaka saba, gauni la shule limefungwa vifungo vyote.

“Karibu, mama ofisa. Huyu ni mtoto wa marehemu dada yangu. Hana shida yoyote. Sema, hujambo?”

“Sijambo,” mtoto alisema.

“Unaona? Mzima kabisa.”

Sekela akatabasamu. Moyo ulianza kumwenda mbio, wake mwenyewe, na hapakuwa na wa kumwambia una maana gani. Pengine ni mjomba mwema mwenye haraka ya kurudi shambani. Pengine sivyo. Alimwomba mwanamume yule kwa heshima awaachie nafasi kidogo, ni utaratibu wa kazi, haitachukua muda. Mwanamume akasita, akatazama mtoto, kisha akaenda mpaka kwenye mfereji akasimama huko, mikono kiunoni, uso umeelekea kwao.

Sekela aliketi chini kwenye mkeka ili mgongo wake uwe kati ya mtoto na mfereji. Hakuuliza kitu. Mtoto alibaki amesimama, anachezea kifungo cha shingoni, anakifungua, anakifunga. Kuku akapita kati yao. Jua likasogea. Mara mbili mwanamume aliita kuuliza kama bado, na mara mbili Sekela akajibu bado kidogo.

Hatimaye mtoto akaketi kwenye ukingo wa mkeka.

“Unaondoka saa ngapi?” aliuliza, macho kwenye kifungo.

Swali hilo lingeweza kuwa na maana yoyote. “Wewe unataka niondoke saa ngapi?”

Mtoto alichungulia kando ya bega la Sekela kuelekea mfereji, kisha akasogea karibu, karibu zaidi, mpaka goti lake likamgusa.

“Usiondoke kwanza,” alisema.